Ski za Solfrid

Jumanne ya juma la Pasaka, Gunnvor Tveråen alishuka chumba cha chini ya nyumba kuziandaa ski za Solfrid, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, kwa kuwa Alhamisi mwenyewe angekuja kumtembelea. Zilikuwa zimetundikwa ukutani tangu Solfrid alipohamia Uhispania, karibu miaka mitatu sasa. Akazitungua, akaibana moja kwenye jiliwa la meza ya kazi, tumbo juu, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Haya, leo zamu yako," akaiambia. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Siku hizi alikuwa akijikuta anaongea na vitu.

Pale kijijini Tverrlia watu walikuwa hawasemi Gunnvor au Solfrid. Walisema wale wawili. Gunnvor alikuwa dereva wa basi la shule mpaka mgongo ulipomkatalia, na hakuolewa. Solfrid aliuza dukani, akafiwa na mume mapema. Kila Jumapili yenye theluji walipanda pamoja hadi kibanda cha Skarvbu, kule juu mlimani, na kila Jumamosi jioni walikuwa humu chini, Gunnvor akipaka nta ski za wote wawili na Solfrid amekalia kreti la viazi, kikombe cha kahawa mkononi, akimsimulia nani kamfokea nani dukani. Solfrid hakuwahi kujifunza kupaka. Aliwahi kujaribu, akaacha pasi ya kuyeyushia nta mahali pamoja mpaka ski ikatoa moshi, akapigwa marufuku. Baadaye akaenda likizo ya wiki moja huko Uhispania, akakutana na Arvid, na mambo yakaenda mbio: ndoa, kisha kuhama.

Gunnvor aliikwangua nta ya zamani ikatoka nyeusi, imeganda kama masizi ya chungu. Akawasha pasi, akaigusisha nta ngumu, matone yakaangukia ncha ya mbele na ya nyuma, akayasambaza bila kusimamisha mkono. Hizo ncha ndizo zinazoteleza. Akaziacha zipoe, akakwangua, akapiga brashi hadi zikang'aa. Katikati, chini ya kiatu, hupakwa nta ya kushika, ili mtu akipanda mlima asirudi nyuma. Na hapo alisimama, nta mkononi, asijue la kufanya.

Urefu wa sehemu hiyo hutegemea uzito wa mtu. Uzito wa Solfrid aliujua kama alivyoijua namba yake ya simu. Lakini huyu wa sasa, anayekula samaki wa kukaanga hotelini na kulala mchana, ana uzito gani? Hakujua. Akafikiri, mwishowe akaongeza upana wa vidole viwili, akaona aibu kidogo, kama aliyemsengenya mwenziwe. Kisha akasugua kwa kizibo, tabaka jembamba juu ya jingine, hadi kahawa yake ikapoa.

Alhamisi gari liliingia uani. Solfrid akashuka, mweusi kwa jua, nywele fupi.

"Mama wee!" Gunnvor akasema mlangoni. "Ni wewe au ni mkoba wa ngozi?"

"Na wewe uko mweupe kama jibini! Hujafa tu?"

"Nilikuwa nakusubiri uje unizike."

Wakakumbatiana. Solfrid alinukia manukato ambayo Gunnvor hakuyajua. Arvid, mwanamume mpole mwenye tumbo, alimpa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kilichopigwa jua.

Solfrid akafungua nyuma ya gari, akatoa mfuko mrefu. "Njoo uone. Arvid kaninunulia Oslo. Zina manyoya chini, hapa katikati, yanashika theluji yenyewe. Hupaki kitu, shoga! Unavaa, unaenda."

Gunnvor akapitisha kidole kwenye manyoya. Yalikuwa laini kidole kikienda na makali kikirudi. "Nzuri," akasema.

"Na yale magofu yangu bado unayo? Si ungeyatupa, yanakujazia ukuta bure."

"Yako chini," Gunnvor akajibu, akaenda kuangalia nyama ya kondoo jikoni.

Baada ya kula Solfrid alishuka kuanika viatu karibu na tanuri. Alikawia. Gunnvor alipomfuata alimkuta amesimama mbele ya meza ya kazi, mkono juu ya ski.

"Umezipaka."

"Nilikuwa na nafasi."

"Gunnvor."

"Nafasi ninayo tele, bibi. Anika viatu."

Solfrid akazitazama tena. "Basi kesho navaa hizi. Zile za manyoya zitanisubiri." Akachukua kiatu chake kipya, akajaribu kukibana kwenye ski. Hakikuingia. Akageuza, akasukuma. Viatu vya siku hizi vina kibanio kingine kabisa, na vile vya zamani alikwisha kuvigawa alipohama.

"Ningekata kidole cha mguu," Solfrid akasema.

"Ukate na kisigino."

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha kabla ya wakati wake, wakapanda juu.

Ijumaa ilipambazuka baridi, anga safi. Waliondoka uani pamoja, Gunnvor mbele, Solfrid nyuma na manyoya ya ski zake yakikoroma chini kama paka. Walipofika kwenye geti la malisho Solfrid alisimama, akaegemea fimbo zake.

"Goti," akasema. Akavuta pumzi. "Na sikiliza. Tumeiuza ile nyumba yangu ya hapa. Nilitaka nikwambie uso kwa uso, siyo kwa simu."

Gunnvor aliitazama njia mbele, mistari miwili kwenye theluji ikipanda kati ya misonobari. "Umeniambia."

"Usiwe hivyo."

"Niwe vipi?"

"Njoo kwetu. Chumba kipo. Jua lipo mwaka mzima."

"Nije nifanye nini juani?"

"Ukae tu."

"Kukaa nakaa hapa."

Simu ya Solfrid ikalia mfukoni. Alikuwa Arvid, hajui kahawa iko wapi. "Kabati la juu," Solfrid akamwambia, "hapana, la juu," akamtazama Gunnvor kwa macho ya kuomba radhi. Macho yalikuwa yamelowa. Huenda ni baridi.

"Rudi kampikie," Gunnvor akasema. "Mimi napanda kidogo."

"Hutakasirika?"

"Nenda, goti litakuganda."

Alipanda hadi Skarvbu. Ski zake mwenyewe zilikuwa hazijawahi kushika vile. Kila alipokanyaga, theluji ilimshika, na kila alipoachia, iliachia. Kwenye mteremko wa mwisho, ule uliomtesa kila mwaka, hakurudi nyuma hata hatua moja. Alifika juu akageuka, mdomo wazi, neno tayari. Hapakuwa na mtu.

Ukutani kwa kibanda watu walikuwa wamekaa juani wakimenya machungwa. Akajibanza mwisho wa benchi. Mzee mmoja wa bonde la pili akamtambua.

"Leo uko peke yako? Mwenzako yuko wapi?"

"Amerudi."

"Anaumwa?"

"Hapana, ameolewa."

Benchi zima likacheka, na yeye akacheka. Kisha wakaendelea na mazungumzo yao, naye akala mkate wake na jibini la kahawia akitazama milima.

Jumamosi wageni waliondoka kwenda kwa ndugu za Arvid. Kuagana kulikuwa kwa haraka, injini inanguruma. Nyumba ikawa kimya, harufu ya manukato ikabaki kwenye taulo. Jioni Gunnvor akapiga simu. Akapokea Arvid.

"Kalala. Goti limemsumbua. Nimwamshe?"

"Hapana, hapana. Mwambie tu zilishika."

"Nini zilishika?"

"Ski zangu. Jana, hadi juu."

"Aha," akasema Arvid kwa upole. "Sawa. Nitamwambia ski zilishika."

"Asante."

Akakata simu, akakaa kidogo na mkono juu yake. Kisha akaenda jikoni kuosha vikombe.