Rangi ya Machungwa kwenye Vumbi la Koboko

Shule niliiacha mapema, kalamu inanishinda kidogo, lakini upumbavu naujua nikiuona. Na barabarani niliuona mwingi, wanaume wazima wakichagua nguo ya kazi kama bibi harusi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tunatengeneza barabara ya Arua kwenda Koboko. Nyapara wetu, mtu wa tumbo aliyekaa garini hata wakati wa kula, alitumwagia reflekta chini, vile vikoti visivyo na mikono vyenye michirizi ya kung'aa. Nusu rangi ya machungwa, nusu kijani cha njano njano kama ndimu. Kila mtu achague mwenyewe, akasema, akafunga kioo. Huyo ndiye aliyelipwa kufikiri.

Basi wakagombania. Watu wa Ayivu, wale wa upande wa Arua, walitaka cha machungwa kwa sababu kinapendeza kanisani. Naam, kanisani. Mmoja alikikunja kwenye nailoni siku zote za kazi, barabarani kifua wazi, Jumapili akakivaa na kujiona waziri. Tumwache huyo.

Wa Koboko nao walikikimbia cha kijani. Huko nyumba nyingi zilikuwa za askari, na mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, kitambaa cha kijani, rangi ya jeshi, kikikutwa ndani kiliweza kukuua. Mama mkwe wangu, mjane wa askari, alichoma kila kitu cha kijani kabla ya kuvukia Sudan: shati, chandarua, hata kilemba chake mwenyewe. Mwanawe, yaani shemeji yangu, ndiye aliyeshika bendera pale konani kusimamisha magari. Akachukua cha machungwa.

Sasa wewe unayesoma, umeiona barabara ile wakati wa kiangazi? Udongo mwekundu, vumbi jekundu, hata miti ni myekundu. Mtu wa machungwa anayeyuka humo kama sukari kwenye chai. Nilimwambia shemeji, akajibu kwamba nina wivu. Nikamwacha, nikamdharau vizuri.

Lori la tumbaku lilipokuja, dereva hakumwona. Shemeji akarukia mtaroni, bendera ikasagwa na matairi. Dereva alishuka akatutukana wote, akiuliza huyo mtu alikuwa amesimama wapi. Nyapara akafungua kioo, akaagiza bendera nyingine. Bendera! Na wale wa machungwa wakacheka, wakamwita shemeji panya wa mtaro.

Jioni nikachukua kikoti cha ndimu, nikakipeleka kwa mama mkwe. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, kwa hiyo nilikaa nimeupa mgongo mlango wa jiko, nikakisukuma nyuma yangu kama mwizi. Shemeji yuko uani, anachechemea, anasema afadhali aache kazi kuliko kumwingizia mama yake rangi ile nyumbani. Na kazi nyingine hakuwa nayo. Nilisikia kitambaa kikigeuzwa geuzwa.

"Hii iko ya jeshi wapi?" akasema. "Askari anataka mutu asimwone. Hii inaita watu."

"Lakini mama, rangi..." shemeji akasema kutoka uani.

"Zile nilichoma ubaki mzima. Hii utavaa kwa sababu ileile."

Kesho yake shemeji akakivaa. Wakamwita jenerali wa ndimu, yule wa kanisani akampigia saluti, kifua wazi vilevile. Mama mkwe naye alikuja na beseni lake la mihogo ya kuchemsha, akakaa mbali, juu kwenye mwinuko, akiwauzia wapita njia. Kila lori lilipopita na vumbi likafunika kona, alisimama, akakinga macho kwa mkono, mpaka amwone mwanawe amesimama palepale. Ndipo akaketi tena.

Wale wengine, wa machungwa, hata mimi sikuwaona humo vumbini. Wala sikuwatafuta.