Kaa la Moto Jikoni kwa Mama Jasu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale Kimamba, niliifahamu miungu ya Kihindi kwa sura kabla sijajua jina la gavana. Ilining'inia ukutani nyuma ya duka la baba yake Jasu, kwenye fremu za vioo: mmoja ana kichwa cha tembo, mwingine ana mwili wa buluu na anapiga filimbi. Mwalimu wetu wa Kurani alitukataza kuzitazama picha zile, kwa hiyo tulizijua vizuri sana.

Niliyempenda zaidi aliwekwa peke yake, jikoni. Wenzake walivaa dhahabu na kukalia maua. Yeye alipanda punda. Kichwani alijitwika ungo, mkono mmoja ameshika ufagio, wa pili mtungi wa maji, na pembeni tawi la mwarobaini. Mchoraji alimpa na taji, lakini ukimvua lile taji alikuwa mwanamke yeyote wa Kimamba anayerudi kisimani. Jasu, rafiki yangu, aliniambia huyo ndiye mwenye ndui. Akiudhiwa anaileta, akitulizwa anaiondoa. Niliamini mara moja. Hata bibi yangu wa Vidunda hakuitaja ndui kwa jina. Alisema "mgeni", tena kwa sauti ya chini, asije akaitika.

Kila mwaka nyumba ile ilikuwa na siku moja ya kutowasha moto. Walipika jana yake, wakala kiporo, kwa kuwa siku hiyo mama yule wa punda hupita jiko kwa jiko na kujilaza kwenye jivu lililopoa. Akikuta jiko la moto, anaungua, na anayemuunguza hulipa. Hayo niliyajua nimeshachelewa. Asubuhi ile nilijua jambo moja tu, nililofundishwa kwetu: ukikuta jiko la jirani limezimika hadi jua limepanda, mle ndani kuna ugonjwa au msiba, na mtoto mwenye adabu haulizi maswali. Anapeleka moto.

Nikaingia uani kwa akina Jasu. Hakuna mtu. Jiko la Mama Jasu lilikuwa baridi, limesiribwa udongo mbichi na kuwekewa ua jekundu. Nikakimbia nyumbani, nikachukua kaa la moto kwenye kigae, nikarudi, nikaliweka jikoni na vijiti viwili vitatu, nikapuliza. Niliona fahari kubwa.

Jasu akatokea mlangoni.

"We Mwajuma, unafanya nini?"

"Nawawashia. Moto wenu umekufa."

"Haujafa, tumeuzima sisi. Mama amelala humo."

Nikachungulia ndani ya moto. "Mama gani?"

Akaonyesha ukutani kwa kidole.

Tulilitoa kaa, tukanyunyiza maji, tukasawazisha jivu, tukalirudisha ua, ambalo upande mmoja lilikuwa limeshaungua. Kisha tukaapa kutosema, yeye kwa miungu yake yote, mimi kwa Mungu wangu mmoja.

Adhuhuri Ba, mama mkwe wa Mama Jasu, alikwenda kusali pale jikoni. Akaweka kiganja kwenye jivu, akakuta lina joto. Mama Jasu aliapa hakuwasha. "Jiko halijiwashi," Ba alisema.

Siku ya nne Jasu alishikwa na homa. Siku ya saba vipele vikatoka.

Sisi watoto wa manamba wa mkonge tulikuwa tumechanjwa zamani, kwa foleni, mbele ya korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, nyapara akituhesabu kama mafungu ya majani. Jasu hakuchanjwa. Ba alimficha, maana kwake sindano ilikuwa matusi kwa mwenye ndui.

Serikali ikaja na karani na fomu. Karani, kijana aliyeajiriwa kutoacha nafasi tupu, aliuliza ugonjwa umeletwa na nani. Ba akaonyesha picha. Karani akauliza jina, akaliandika kwenye orodha ya wakazi wa nyumba. Penye swali la chanjo akaandika "bado". Wiki mbili baadaye ikaletwa hati yenye muhuri, ikimtaka mungu yule afike bomani Kilosa achanjwe, la sivyo atashitakiwa. Kimamba nzima ilicheka. Mimi nilishukuru tu kwamba serikali imempata mtuhumiwa mwingine.

Jasu alipona. Alibaki na uso wa makovu na jicho moja linaloona. Mama yake alikatazwa na Ba kugusa jiko. Nilipoanza tena kwenda kwao nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, anakula chapati ya jana.

"Shikamoo, Mama Jasu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo, kaa." Akanimegea chapati. "Siku ile ya jiko baridi, ulipita huku?"

"Nilipita."

"Ulimwona mtu jikoni?"

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri shuleni. Jikoni nilikuwa mimi tu, na mimi sikujihesabu.

"Sikumwona mtu."

Aliikunja chapati iliyobaki. "Basi labda ni mimi," alisema. "Labda niliwasha, nikasahau."

Nilimaliza kipande changu, nikashukuru, nikaondoka.

Aliendelea kula vya baridi miaka miwili, hadi walipohamia Morogoro. Jasu hakuvunja kiapo. Alinitazama tu kwa lile jicho lake, kila siku, nami nilijifanya sijui anasubiri nini.

Ukubwani nilisoma katika kitabu cha daktari mmoja kwamba ndui hukaa mwilini siku kumi na mbili hivi kabla ya homa. Kumbe asubuhi niliyopuliza lile kaa, tayari Jasu alikuwa nayo. Niliurudia ukurasa ule, nikafurahi kama mtu aliyefutiwa kesi. Furaha yenyewe haikufika jioni. Moto wangu haukumdhuru mtu, sawa. Lakini mwanamke aliniuliza swali moja, nikampa jibu lililomfanya aishuku akili yake mwenyewe, na kwa miaka miwili nilimwamkia mlangoni pake, akaitika "marahaba, mwanangu", nikapita. Daktari hakuandika chochote kuhusu hilo.