Kadi Nyekundu Mgongoni

Sheria ilisema rais atawale mihula miwili, kisha wakubwa wenyewe wakaifuta. Mimi mwenye mdomo nikaapa kwa majirani: sitampa tena kadi ya kijani, ya kukubali, nitatumbukiza nyekundu, ya kukataa.

Siku ya kura nikaishika kweli, bwana yangu nyuma yangu kwenye mstari. Mara shefu, mkubwa wa bwana yangu kule kiwandani, akaja kusimama kando ya sanduku la kura. Shujaa nikasokomeza nyekundu ndani ya nepi ya mutoto mgongoni, nikatumbukiza kijani, nikaimba sifa za rais kuliko wote.

Mutoto akakojoa, rangi ya kadi ikachuruzika na mkojo.

“Sitoyene, mutoto iko natoka damu!” shefu akasema, akiniita “mwananchi” kama serikali ilivyoamuru.

“Acha tu, tata, ni kawaida yake,” nikamjibu kwa heshima kama baba.

Shefu akamfungua mutoto mwenyewe. Akabandua kadi matakoni, akamgeukia bwana yangu: “Sitoyen, kumbe kwako hata mutoto anakataa rais?”