Kuachishwa Ziwa Inyonga

Mama mkwe alikuja Mpanda na basi la asubuhi, akanikuta natapika nyuma ya jiko, na hakuhitaji kuuliza. Alinitazama tumbo, akamtazama binti yangu niliyekuwa nimembeba mgongoni, akasema, "Huyu mtoto atabemendwa."

Kwetu neno hilo halichezewi. Wanasema mtoto akinyonya kwa mama mwenye mimba, maziwa yanamgeukia: anaharisha, anakonda, miguu inakataa kutembea, na lawama zote ni za wazazi walioshindwa kujizuia. Bahati mbaya wiki hiyo binti yangu alikuwa anaharisha. Nikasema ni meno. Nani alinisikiliza? Nilikuwa nimeshapaka ziwa shubiri, akakunja uso, akaendelea kunyonya. Basi ikabaki njia ya wazee: mtoto apelekwe kwa bibi yake Inyonga, na mama asionekane kabisa mpaka ziwa lisahaulike.

"Ukitokea tu, tunaanza upya," mama mkwe alisema.

Mume wangu, ambaye muda wote alijifanya anatafuta chaja ya simu, alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kana kwamba guu lenyewe lilikuwa lake. Nilitaka kukataa. Lakini ukikataa halafu ukamzika mtoto, utamwambia nani kwamba yalikuwa meno? Nikafunga nguo zake, nikaweka na kitenge changu ambacho sijakifua, ili alale na harufu yangu.

Wakati huo nilikuwa nasomea ualimu wa chekechea. Mungu naye ana utani wake, maana somo tulilokuwa nalo chuoni lilikuwa hilo hilo: jinsi mtoto mdogo anavyojishikiza kwa mtu mmoja, na kinachotokea akitenganishwa naye. Mkufunzi alieleza taratibu. Kwanza mtoto atalia na kumtafuta mama yake. Kisha atanyong'onyea na kukataa chakula. Mwisho atatulia, atakula, atacheza, na watu wazima watafurahi kwamba amezoea. "Hapo ndipo pa kuogopa," alisema. "Ameshakata tamaa." Wenzangu waliandika. Mimi nilishika kalamu tu.

Jioni nilikuwa napiga simu. Mwanzoni nilimsikia akilia nyuma ya sauti ya bibi yake, na mama mkwe akaninong'oneza nisiongee, mtoto asije akaitambua sauti. Baadaye akaniambia hali chakula vizuri, anashinda amekaa mlangoni. Halafu siku moja alipokea huku anacheka.

"Mwanangu, mshukuru Mungu. Ametulia kabisa! Hata hakuulizii."

Alikuwa ananipa habari njema. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Swali la mtoto anayetenganishwa na mama yake lilitoka kwenye mtihani. Nililijibu vizuri kuliko darasa zima, na mpaka leo sijui ile hasira nimtupie nani.

Kisha mimba ikatoka. Nilikuwa nimemtoa mtoto mmoja kwa ajili ya mwingine, na sasa mikono ilikuwa mitupu. Niliporuhusiwa kutoka hospitali sikusubiri neno la mume wala la mkwe. Nilipanda basi la Inyonga hivyo hivyo, bado kiuno kinaniuma.

Mama mkwe alikuwa uani anaanika karanga juu ya kitenge changu, kimefuliwa na kupauka kwa jua. Binti yangu alikuwa amechuchumaa kando yake. Alikuwa amenenepa, niseme ukweli, alitunzwa. Nilimwita kwa jina tunalomwita nyumbani. Akasimama, akanisogelea, akapiga goti kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni.

"Chikamoo," akasema.

Kisha akarudi kwa bibi yake na kushika nguo yake. Mama mkwe alicheka kwa fahari, halafu akauona uso wangu. "Ni mama yako huyo," alimwambia. "Nenda." Hakwenda.

Nilijua kwamba nikimbeba kwa nguvu siku hiyo, ninamtenganisha mara ya pili. Kwa hiyo nilibaki, nikawa napika na kufua pale, simlazimishi, huku chuoni wakinisubiri. Mama mkwe, bila kuambiwa, alianza kwenda shambani peke yake ili mtoto abaki na mimi. Simchukii. Ningemchukia ningepumzika. Mwishowe mtoto aliukubali mgongo wangu, tukarudi Mpanda.

Sasa anasoma shule ya msingi. Ananiita mama, ananisaidia kazi, walimu wanamsifu. Lakini akianguka hanikimbilii. Anajipangusa goti na kuangalia kama kuna aliyemwona. Inaniuma kila mara.

Mwaka jana bibi yake alifariki. Wanawake walikuwa wanagaragara chini kwa kilio, na yeye alikaa pembeni akipukuchua mahindi ya kande ya msibani. Watu wakasema huyu mtoto ni jasiri. Nilikwenda nikakaa naye, nikamwambia, "Lia, mwanangu. Bibi yako alikupenda. Hata mimi nalia."

Aliacha kupukuchua, akanitazama. "Mama, nikilia atarudi?"

"Hapana."

Akachukua hindi lingine.