Mashine ilitaja jina langu mbele ya mama

Admin, nisitiri. Bukavu ni ndogo na gari letu linajulikana hadi mtaa wa Muhumba. Nina miaka thelathini na moja, mtoto wa kwanza kwetu, nina lisanse, digrii ya chuo kikuu, ya uchumi ambayo haijawahi kunilisha hata siku moja. Kinachotulisha ni gari alilotuachia papa, baba yetu, ambalo naliendesha kama taksi, na mama anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Papa alifariki mwaka jana.

Baada ya mazishi nilimwonyesha mama ile namba ya simu ya habari za magari. Unapiga, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inakuomba ufinye namba za plake, kile kibao cha gari, kisha inakuambia gari limeandikishwa kwa jina la nani. Nilitaka tu ajue kwamba karatasi ziko sawa. Mama hajui kusoma, lakini namba anazijua vizuri. Kumbe nilimpa dawa ya huzuni! Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alikuwa anapiga, anapaza sauti ya simu, anasikiliza jina lote la papa, la kwao na la ubatizo. Halafu anaijibu mashine: "Aksanti, mwanangu." Sisi watoto tulikuwa tunacheka, naye anacheka, na kesho yake anapiga tena.

Siku za kumaliza matanga zilipokaribia, baba mdogo alipiga simu kutoka Kalehe. Akasema gari lilinunuliwa kwa ng'ombe wa babu yetu, kwa hiyo ni la ukoo, watakuja kulichukua. Nilishikwa na woga. Nikatengeneza karatasi ya kusema papa aliniuzia gari akiwa hai, saini yake nikaiiga kwa mkono wangu, nikaomba jina libadilishwe. Nilijiambia ninamlinda mama. Uongo mtupu. Kama ningekuwa namlinda mama, ningeandika jina la mama. Nilitaka liwe langu, hata wadogo zangu wasiniulize kitu. Kila asubuhi mama akipiga, nilisimama mlangoni kusikiliza, lakini mashine iliendelea kutaja jina la papa, nikadhani ombi langu limekwama, nikaanza kutulia.

Siku ya kumaliza matanga mama hakupiga asubuhi, kazi za wageni zilikuwa nyingi, na baba mdogo akasimama mbele ya watu: "Hii gari iko ya jamaa. Kaka alikuwa anaichunga tu."

Mama hakugombana. Akatoa simu yake. "Mutasikia bote jina ya bwana yangu," akasema, akafinya namba, akapaza sauti.

Mashine ikataja jina langu. Lote, hadi la ubatizo. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama, kwa mazoea tu, akasema polepole: "Aksanti, mwanangu."

Baba mdogo akaruka. "Njo vile? Mutoto ameiba gari na matanga haiyaisha?"

"Hapana kumuita mutoto yangu mwizi," mama akamjibu. "Ni miye nilimutuma atie jina yake, juu miye siyue kusoma. Kuko mutu iko na neno?"

Baba mdogo na watu aliokuja nao walikula, wakarudi Kalehe bila gari. Mama yangu, mtu wa misa ya asubuhi, alisema uongo mbele ya watu wote ili nisiitwe mwizi.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni, nikapiga magoti. Hakunigombeza. Aliendelea kusugua sufuria, akaniuliza kitu kimoja: "Sasa jina ya papa yako nitakuwa naisikia wapi?"

Tangu siku hiyo hapigi tena ile namba. Chakula ananipa, salamu ananijibu. Lakini nikimpeleka sokoni anakaa kiti cha nyuma, kama abiria. Zamani alikuwa anakaa mbele, tunapiga stori njia nzima.

Nikiliandika gari kwa jina la mama, baba mdogo na ukoo wa Kalehe watajua kwamba mama alidanganya, na atakayeaibika ni yeye. Nikiliacha hivi, kila nikiwasha injini naona naiba tena. Kulirudisha jina la papa haiwezekani, marehemu haandikishiwi gari.

Ndugu zangu, nitukaneni, ninastahili. Lakini mkimaliza, nishaurini: nifanye nini ili mama akae tena mbele?