Mama Lishe wa Kitanda cha Nne

Manesi walimbandika jina la Mama Lishe, kana kwamba anauza chakula stendi, naye hakununa. Kazi yake ilikuwa kuwapangia wagonjwa mahututi chakula, na kila alipofika kitanda cha nne aliifumbata kwanza chupa ya maziwa ya lishe mpaka ubaridi uishe, ndipo aiunganishe na mpira uliopita puani mwa mgonjwa. "Karibu chakula, baba," alimwambia mtu ambaye siku ya tisa hiyo hajafumbua macho. Mke wa mgonjwa alikaa pembeni roho juu, maana chupa zilizidi kuongezeka, na yeye nyumbani alikuwa amemnyima mumewe mayai miaka miwili, kwa amri ya daktari, kuzilinda figo. "Dada, si protini tulikatazwa?" Mama Lishe akaigonga kwa kucha mashine iliyomsafisha mgonjwa damu usiku na mchana. "Mlikatazwa kabla hajaja huyu. Anatoa uchafu, ndiyo, lakini na chakula anapita nacho. Kwa hiyo mimi napakua cha watu wawili."

Siku ya kumi na moja, alipokuwa akikaribisha kama kawaida yake, midomo iliyokauka ikachezacheza. "Nimeshiba," mgonjwa akanong'ona. Mkewe akajiziba mdomo kwa khanga. Mama Lishe akageukia dirishani, akaipangusa chupa isiyo na vumbi, akaipangusa tena. Kisha akarudi na sauti yake ya kila siku: "Aliyeshiba ni mashine, baba. Wewe hata hujanawa."