Jambo ambalo Kunegunda hakuwaambia wanakijiji

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mitego minane kati ya kumi na miwili haipo. Ilikuwa vitambaa vya buluu na vyeusi, vilivyotundikwa kando ya mto kuwanasa mbung'o. Kamba zimekatwa kwa panga. Kitambaa kimoja kimechomwa katikati ya njia iendayo kijijini, na majivu yake bado yana joto.

Kunegunda Ngonyani anayagusa kwa kidole, kisha anajifuta kwenye kitenge.

"Wamechoma asubuhi hii," anamwambia Dokta Valence Mbawala, mtafiti wa wadudu. "Walijua tunakuja."

Kunegunda ana miaka arobaini na tisa na anaishi Mjimwema, Songea. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na minane. Miaka sita sasa, kazi yake ni kuwaeleza wanakijiji kile ambacho watafiti wamekuja kufanya, kwa Kiswahili, Kingoni au Kiyao. Amesimama mbele ya mikutano thelathini na mmoja. Miwili iliisha kwa kukimbia.

"Ule wa pili nilikimbia na kiatu kimoja," anasema. Hacheki.

Kabla ya kila safari, mtafiti hukaa jikoni kwake na kueleza kazi yake huku yeye akichambua mboga. Maneno asiyoyaelewa huyakata kwa kalamu nyekundu. Mtafiti haondoki mpaka Kunegunda ayarudie maelezo yote bila kutazama karatasi.

"Nilikwenda na kurasa nne, nikatoka na sentensi sita," anasema Dokta Valence.

Kwa kijiji hiki cha wilaya ya Namtumbo, ambacho hatukitaji kwa usalama wa wakazi wake, kalamu hiyo ilikata sentensi moja isiyopaswa kukatwa.

Wiki tano zilizopita, Kunegunda aliwaambia wanakijiji kwamba rangi ya buluu humvuta mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa malale. Hakusema kuwa vitambaa vimelowekwa dawa ya kumuua. Mbuzi hulishwa kando ya mto ule, naye aliogopa kwamba wakisikia habari za dawa ya kuua, mkutano utavunjika. Siku hiyo walimpigia makofi.

Wiki mbili baadaye, Dastan Gama, mkulima wa tumbaku mwenye miaka ishirini na sita, alishikwa na homa na maumivu ya kichwa. Dawa ya malaria haikumsaidia. Sasa hulala mchana kutwa, na huamshwa ili ale. Kijijini hesabu ikawa nyepesi: nguo zinaita mbung'o, mbung'o wamekuja, Dastan anaumwa.

Mama yake, Adela, amekataa apimwe.

"Kama ni malale na hatibiwi, atakufa," anasema Dokta Valence. "Ni suala la wiki, labda miezi."

Mkutano unafanyika ndani ya ghala la tumbaku. Watu wapata themanini. Mlango ni mmoja, na kutoka mahali aliposimama Kunegunda hadi mlangoni ni hatua kumi na nne. Amezihesabu wakati anaingia.

"Shikamooni wazee wangu."

Wachache wanaitikia. Bakili, dereva wa bodaboda, hangoji kupewa nafasi.

"Mama Ngonyani, wewe mwenyewe ulisema ile nguo inaita mbung'o. Sasa unaalika wageni, halafu unashangaa nyumba imejaa?"

Watu wanacheka. Kicheko hicho hakimpi Kunegunda nafuu. Vidole vyake vimekamata ukingo wa meza ya kupangia tumbaku.

"Kuna jambo sikuwaambia," anasema. "Kile kitambaa kina dawa. Mbung'o akikigusa anakufa. Niliificha kwa sababu niliogopa mtatufukuza. Nilikosea. Dokta alitaka niseme, mimi nikakata."

Ghala linalipuka. Mtu anagonga bati kwa fimbo. Mwanamke mmoja anapiga kelele kwamba mbuzi wake wawili wamelamba nguo hiyo.

"Wako wapi?" anauliza mwenyekiti wa kijiji.

"Wapo zizini."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi. Ila wamelamba!"

Bakili amekwisha kusogea mlangoni na kuegemea fremu. "Alificha moja," anasema. "Nani anajua ameficha mangapi?"

Kunegunda anamgeukia Adela, aliyeketi mstari wa mbele na mikono mapajani.

"Mama Dastan, uliza wewe. Nitajibu ninachokijua. Nisichokijua nitasema sikijui."

Adela anauliza: "Damu ya mwanangu mnaipeleka wapi?"

Dokta Valence anafungua mdomo. "Sentensi moja, Dokta," anasema Kunegunda.

"Haitoki humu ndani."

Hadubini inaletwa kutoka kwenye gari na kuwekwa juu ya meza ya tumbaku. Dokta Valence anajichoma kidole mwenyewe kwanza, na Adela anaambiwa aangalie damu ya mtu mzima wa afya: vinukta vingi vilivyotulia. Ndipo Adela anatuma watu wamlete Dastan. Wanaume wawili wanamwingiza wakiwa wamemshika makwapani. Anachomwa kidole na hashtuki.

Dokta Valence anatazama kwa dakika nne. Anainuka na kumpisha Adela.

Adela anainama. "Kinacheza," anasema. "Kuna kitu kinacheza kama kiuzi."

"Ndicho hicho kijidudu cha malale, mama," anasema Kunegunda.

Bakili anaondoka mlangoni, anapita katikati ya watu, anasimama mbele ya meza.

"Kuni za kukaushia tumbaku tulikata mimi na Dastan, kule mtoni," anasema. "Kabla hata hamjatundika chochote." Ananyoosha kidole kichomwe.

Damu ya Bakili haionyeshi kitu. Kunegunda anamwambia kwamba hilo halimaanishi hana malale. Atapimwa tena baada ya wiki mbili. Watu ishirini na watatu wanapanga foleni nyuma yake.

"Nitarudi Alhamisi," Kunegunda anamwambia Dokta Valence wakiwa nje ya ghala. "Nataka kueleza upya tangu mwanzo, na nitaanza na dawa. Wakinifukuza, wanifukuze wakiwa wanajua."

Saa saba na dakika ishirini mchana, gari linaondoka. Dastan amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake.

Saa kumi na dakika tano anapokewa wodini mjini Songea. Muuguzi anamuuliza jina lake mara mbili. Anayejibu ni Adela.